Uzi wa utitiri wa kuku: tunapulizia kuku wakati utitiri wenyewe umelala kwenye fito za banda

Mfugaji_Kibaha

Habari za jioni wakuu.

Nafuga nyumbani, Kibaha, kuku wa kienyeji na chotara wachache: mitetea 34 na majogoo 3. Tangu masika yaishe nimehangaika na utitiri, na ni juzi tu ndiyo nimepumua. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila mtu akiuliza dawa ya utitiri hujibiwa jina la dawa, basi. Mimi pia nilijibiwa hivyo. Nikanunua, nikapulizia kuku, wakatulia siku tatu, wiki ya pili hali ikarudi ileile.

Ilianza kwa mtetea mweusi aliyekuwa analalia mayai 13. Siku ya 9 asubuhi nikamkuta amesimama pembeni ya kiota, mayai yamepoa. Huyu ni mlezi, ameshatotoa mara tatu na hajawahi kususa mayai. Nikamrudisha, akakaa kidogo, akainuka tena anajikung'uta. Nikafikiria nyoka, nikafikiria panya. Nilipoingiza mkono kwenye nyasi za kiota kupapasa, ukaanza kutekenya mpaka kwenye kiwiko. Nikautoa nje kwenye mwanga: vitu vidogo mno, kama pilipili manga iliyosagwa, vinatembea.

Usiku saa tatu nikaingia bandani na tochi ya simu. Mchana nilikuwa nimekagua kuku mmoja mmoja chini ya mabawa na sikuona kitu. Usiku ilikuwa habari nyingine. Pale fito ya kulalia inapokutana na nguzo, nilipokuwa nimefunga kwa kamba ya katani, palikuwa na kitu kama vumbi la kijivu limeganda. Nikapitisha kidole. Kidole kikatoka na damu. Halikuwa vumbi, ulikuwa utitiri umebanana, mwingine ukitoka kunyonya na mwingine ukipanda kwenda kunyonya. Kwenye miguu ya kuku waliolala niliuona unapanda kwa msururu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Utitiri huu mwekundu, ambao wataalamu wanauita Dermanyssus gallinae, haukai kwenye mwili wa kuku. Mchana unajificha kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio, chini ya magome, ndani ya mianzi, kwenye nyasi za viota. Usiku unatoka, unanyonya damu chini ya saa moja au zaidi kidogo, unarudi mafichoni. Ukiwa na njaa ni wa kijivu, ukishiba ni mwekundu. Hata mkubwa hafiki milimita moja ila kwa shida. Kwa hiyo ukimpulizia kuku saa nne asubuhi, unampulizia mgonjwa huku aliyemuuma amelala nyumbani kwake.

Jambo la pili ni kasi yake. Kwenye joto kama letu la Pwani, yai la utitiri linaanguliwa ndani ya siku mbili tatu, na ndani ya wiki moja hivi kizazi kipya kimekomaa na kinataga. Dawa nyingi zinaua unaotembea lakini haziui mayai. Ukipiga dawa mara moja ukaacha, wiki ijayo unaanza upya na watoto wa wale uliowaua. Na msidhani kuhamisha kuku banda likae tupu mwezi mmoja kunatosha. Kwenye ubaridi unaweza kukaa hata miezi minane au tisa bila kunyonya. Kwenye joto unakufa mapema zaidi, lakini bado ni muda mrefu kuliko mfugaji anavyoweza kusubiri.

Dalili nilizoziona, na ambazo ningezijua mapema ningeokoa vifaranga: upanga wa kichwani unapauka, kuku hawataki kuingia bandani jioni wanang'ang'ania kulala mtini, mayai yanapungua, na kwenye ganda la yai kuna vidoadoa vya damu iliyokauka. Vifaranga ndio wanaokufa haraka kwa kuwa damu yenyewe ni kidogo. Upanga kupauka kunaweza pia kuwa minyoo, ndiyo maana nasema ingia na tochi usiku kabla hujanunua chochote.

Sasa jambo linaloniuma mpaka leo. Baada ya ile dawa ya kwanza kushindwa nilikwenda duka jingine, nikaelezwa kuna dawa "kali zaidi", nikapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina kibandiko. Nikachanganya kama nilivyoambiwa, nikapulizia kuku na banda. Jioni kuku wanne walikuwa chini, mate yanatoka, shingo inatetemeka, mabawa yametandazwa. Asubuhi wote wanne wamekufa, mmojawapo ni yule mweusi. Baadaye bwana mifugo aliniambia kwa harufu na kwa dalili ile ilikuwa dawa ya mashambani, ya wadudu wa nyanya. Nawaombeni, dawa isiyo na kibandiko kinachotaja kuku isiingie bandani kwenu. Kama kibandiko hakielezi kiasi cha kuchanganya na siku za kutokula mayai, rudisha.

Kilichofanya kazi ni hiki. Nilitoa kuku wote, wakalala siku mbili kwenye kibanda cha muda cha wavu. Maranda yote na nyasi za viota nikachoma. Fito za mianzi nikachoma pia, zina uwazi ndani na hakuna dawa inayofika huko. Mbao zilizobaki nikazikwangua magome, nikamwagia maji yanayochemka kila ungio, taratibu, siyo kurusharusha. Yalipokauka nikapulizia dawa ya banda yenye saipamethrini, kwa kipimo cha kibandiko, nikilenga nyufa na siyo kuta tupu. Nyufa za ukuta nikaziba kwa saruji. Siku ya 7 nikarudia. Siku ya 14 nikarudia tena.

Fito mpya ni mbao moja moja iliyopigwa randa, laini, haijafungwa kwa kamba, haigusi ukuta, inasimama kwenye miguu yake minne. Kila mguu umo ndani ya kopo la oili chafu. Utitiri hauruki, unatembea. Ukitaka kupanda unakutana na oili. Asubuhi ya kwanza niliukuta umeelea kwenye makopo, mwingi mpaka oili imebadilika rangi juu. Angalizo: kopo liwe jembamba na lifunikwe kwa kipande cha bati, kifaranga asitumbukie.

Karibuni tuongezeane.

---

Mama_Vifaranga_Dom

Pole sana kaka kwa kuku wako. Mimi niko Dodoma, nimetumia majivu tu miaka yote, na mama yangu kabla yangu. Kuna shimo uani nimejaza majivu, mchanga na udongo mkavu, kuku wanaoga humo kila mchana. Sijawahi kununua dawa. Kwa nini tusiwaambie watu waanze na majivu kabla ya kukimbilia dukani?

Mfugaji_Kibaha

Dada, sikatai majivu, na shimo la kuogea ni lazima. Kinachotofautisha ni aina ya mdudu. Wapo utitiri wanaoishi kwenye mwili wa kuku masaa 24, hasa kuzunguka njia ya haja, manyoya ya hapo yanakuwa meusi kama yamepakwa masizi. Wapo pia chawa, wale wa rangi ya majani makavu wanaokimbia ukifunua manyoya, na mayai yao yameganda kwenye shina la unyoya kama chembe za sukari. Hao kuku akioga vumbi anawapunguza kwelikweli, maana majivu makavu yanawakausha ngozi. Ila utitiri mwekundu mchana haupo kwenye kuku, kwa hiyo anaoga huku mdudu yuko bandani. Majivu hayohayo yapeleke bandani: nyunyiza kwenye viota, kwenye vichwa vya fito, kwenye pembe. Na yawe makavu. Yakilowana ni tope tu. Yawe ya kuni, siyo ya taka zenye plastiki.

Dodoma pia mna ukavu, nadhani unawasaidia. Sisi huku unyevu ni mwingi.

Mama_Vifaranga_Dom

Nimekuelewa. Leo usiku naingia na tochi, kwa kweli sijawahi kukagua usiku hata siku moja.

---

Nyanda_za_Juu

Salaam kutoka Mufindi. Huku tunalima pareto, na wazee walikuwa wanasaga maua makavu wanaweka kwenye viota na kwenye vitanda vya kamba kwa ajili ya kunguni. Inafanya kazi mpaka leo. Hizo saipamethrini na pemethrini za dukani wazungu walizitengeneza kwa kuiga nguvu iliyomo kwenye ua la pareto, tofauti ni kwamba ya dukani inakaa muda mrefu, ya ua inaharibiwa upesi na jua. Kwa hiyo unga wa pareto usiweke mchana. Weka jioni kuku wakiwa wanaingia, ndiyo saa mdudu anatoka. Maua yawe ya msimu huu, ya mwaka juzi yameshapoteza nguvu.

Ila muwe waangalifu na paka. Dawa za jamii ya pemethrini zinaua paka kwa urahisi, na ukishapulizia banda funga mpaka likauke.

Mfugaji_Kibaha

Mkuu hili la paka sikulijua. Ahsante sana, nina paka wawili.

---

Mkulima_Kitui

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kitui, Kenya. Kuku wangu wamejaa wadudu weusi kuzunguka macho na kwenye upanga, wameganda kabisa, ukivuta hawatoki. Kuku wawili hawaoni tena. Nimepaka oili chafu kichwani kama nilivyoshauriwa na jirani. Nifanye nini zaidi?

Bwana_Mifugo_Moro

Ndugu wa Kitui, huo si utitiri. Hao ni viroboto wanaoganda. Jike anazamisha mdomo kwenye ngozi anabaki hapohapo, mayai yake yanaanguka chini, na watoto wanakulia kwenye udongo na uchafu wa sakafu. Kwanza acha oili chafu mwilini mwa kuku. Ina sumu, inaunguza ngozi na manyoya, na kuku anaimeza akijisafisha. Oili ni ya mbao na makopo, haiendi kwenye kiumbe hai.

Paka mafuta mgando mazito juu ya viroboto, epuka mboni ya jicho. Wanakosa hewa wanakufa, ndani ya siku moja mbili wanaanguka wenyewe au wanatoka kwa kibanio bila kuchana ngozi. Usivute aliye hai, atakuachia kidonda. Kisha fanya kazi ya sakafu: kwangua udongo wa juu wa banda, uchome au uufukie mbali, mwaga chokaa, weka mchanga mpya. Angalia masikio ya mbwa na paka wako pia, viroboto hao hao wanakaa humo na wanakurudishia kila wiki.

Kuku wasioona watenge, wape maji na chakula wakiwa mahali pamoja pasipohamishwa. Wengine jicho linafunguka uvimbe ukiisha.

Mkulima_Kitui

Asante daktari. Mbwa ninaye na kweli masikio yake yamejaa. Sikujua yana uhusiano.

---

Kijana_wa_Chotara

Wakuu kwa nini mnahangaika na makopo na maji ya moto? Ivamektini ile ya ng'ombe, unamchoma kuku kidogo, wadudu wote wanakufa ndani na nje. Nimefanya kwa kuku 200 aina ya Sasso.

Bwana_Mifugo_Moro

Mdogo wangu, sikulaumu, ila hebu tulitazame vizuri. Ile ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300. Kuku ana kilo mbili. Kosa la tone moja kwa ng'ombe si kitu, kwa kuku linaweza kuwa kifo. Pili, dawa inaingia kwenye yai na inakaa siku nyingi, na kibandiko cha ng'ombe hakikuambii ni siku ngapi kwa kuku anayetaga maana hakikuandikwa kwa ajili yake. Hao 200, mayai uliyapeleka wapi?

Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji kampuni iliyokuwa inasafisha mabanda dhidi ya utitiri huu huu mwekundu ilitumia dawa iliyochanganywa na fipronili, ambayo hairuhusiwi kwa wanyama wa kuliwa. Ikaingia kwenye mayai. Mamilioni ya mayai yakaondolewa sokoni nchi nyingi za Ulaya, mashamba yakafungwa. Wenzetu wana maabara zilizogundua. Yai lako la Kibaha au la Morogoro linakwenda moja kwa moja kwa mtoto wa mtu, hakuna anayelipima njiani.

Ulaya tangu mwaka huohuo 2017 wameruhusu dawa ya kuwekwa kwenye maji ya kunywa, inaitwa fluralana, inatolewa mara mbili, siku saba kati yake, na mayai yanaliwa. Kuku anakunywa, utitiri unaonyonya damu yake unakufa. Ni dawa ya gharama na inahitaji usimamizi wa daktari wa mifugo. Naitaja ili muone hata hiyo inarudiwa baada ya siku saba. Sababu ni ileile aliyoeleza mleta uzi, mayai ya mdudu.

Kijana_wa_Chotara

Mayai niliuza. Nimekuelewa daktari, sitarudia.

---

Mwalimu_Tanga

Naomba kuuliza, jogoo wangu miguu imevimba magamba yamenyanyuka kama chokaa, anachechemea. Ni huo huo utitiri?

Bwana_Mifugo_Moro

Ni ndugu yake, mwalimu, lakini huyu anachimba chini ya magamba ya mguu na anaishi humo. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kama dakika kumi na tano, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, usibandue gamba kwa kucha maana chini yake ni nyama. Kausha, paka mafuta mazito, ya nazi au mgando, yafunike mguu wote. Rudia mara mbili kwa wiki, wiki nne au zaidi. Magamba mapya yatakuja polepole, usikate tamaa wiki ya kwanza. Na fito anayolalia isafishwe kama mwanzo wa uzi ulivyoeleza.

---

Binti_wa_Mlandizi

Kaka Mfugaji, shikamoo. Nina haraka. Mtetea wangu analalia mayai 11, leo ni siku ya 12, na nimeona hao wadudu kwenye kiota baada ya kusoma hapa. Siwezi kumwaga maji ya moto hapo na siwezi kumpulizia dawa juu ya mayai. Nafanyaje?

Mfugaji_Kibaha

Marahaba dada. Usimfukuze, na usisubiri asubuhi ifike. Fanya leo jua likizama.

Andaa kiota kipya kabla hujamgusa: beseni la plastiki au ndoo iliyokatwa, isiyo na nyufa, maranda mapya makavu, chini yake majivu kiganja kimoja, na majani makavu ya mwarobaini ukiwa nayo. Kiweke chumba kingine kabisa, siyo banda lile. Kisha mtoe kuku. Mayai yafute kwa kitambaa kikavu, moja moja. Usiyaoshe, maji yanapitisha uchafu kwenye ganda. Mayai yanastahimili dakika ishirini bila mama, yeye mwenyewe kila siku huyaacha muda kama huo akienda kula.

Kuku mpake dawa ya unga ya kuku yenye kibandiko, kidogo, chini ya mabawa na kuzunguka haja, mbali na kichwa, umkung'ute nje ibaki ile iliyoshika tu. Mrudishe kwenye kiota kipya gizani, funika na gunia asione mazingira. Wengi wanakubali wakihamishwa usiku. Kiota cha zamani choma usiku huohuo. Siku ya 18 angalia tena kwa tochi, ukiona wachache badilisha maranda tu, dawa usiweke tena maana vifaranga wanakaribia.

Na wewe mwenyewe oga, nguo loweka maji ya moto. Utakuwasha usiku mmoja mbili, lakini haukai kwa binadamu.

Binti_wa_Mlandizi

Nimefanya. Aligoma kama dakika tano, kisha akakusanya mayai kwa mdomo akakaa. Mikono inaniwasha sana.

Mfugaji_Kibaha

Hapo amekubali. Mpe maji karibu, siku mbili hizi amenyonywa damu nyingi, na chakula chenye dagaa ukipata.

Binti_wa_Mlandizi

Narudi kuwapa matokeo. Leo siku ya 22. Vifaranga 9 kati ya 11. Mayai mawili yalikuwa maji. Mama yao upanga umeanza kuwa mwekundu tena. Hawajaingia lile banda la zamani, jana nimebomoa fito zote za mianzi, leo fundi anapiga randa mbao mpya.

Makopo nimepata manne ya maziwa. Naomba kuuliza, oili inabadilishwa kila baada ya muda gani?

Mfugaji_Kibaha

Hongera sana dada! Mimi naiangalia kila Jumamosi. Vumbi na maranda yakifunika juu, utitiri unavuka kama daraja, kwa hiyo ukiona utando tu, mwaga uweke nyingine.